Mjumbe Mmoja Aliomba Maji

Mtu ninayetaka kumwelezea niliishi naye kwenye ua mmoja miaka mingi. Nilimpikia, nikamfulia mashati, nikayaandika maneno yake kikao baada ya kikao, na miaka hiyo yote uso wake sikuutazama sawasawa. Ungeniuliza wakati huo ana pua ya namna gani ningebabaika. Lakini niletee visogo ishirini vya wazee wa Rungwe, nitakuchagulia cha kwake bila kusita.

Alikuwa baba mkwe wangu. Kwetu Unyakyusani, kwa mila ya wazee, mkamwana na baba wa mumewe hawakutani macho, hawasemezani, na jina lake mkamwana halitaji. Siku hizi mwiko huo umelegea. Wapo mabinti wanaopiga picha wamemkumbatia mkwe, kisha wanaziweka kwenye simu watu wote tuone, na mimi siwasemi, kila mtu na kwake. Sisi tuliushika. Kwa hiyo humu nitamwita Diwani, kama nilivyomwita tangu alipochaguliwa, na wewe unayelijua jina lake, kaa nalo.

Ninachokikumbuka kwanza ni kikohozi. Akitoka mjini, akifika kwenye mgomba wa konani, alikohoa mara mbili. Hakikuwa cha ugonjwa, kilikuwa cha taarifa. Nikikisikia naacha nilichoshika, naingia jikoni, narudishia mlango, hata kama mikono imejaa unga. Akishapita anakohoa tena mara moja, maana yake njia nyeupe, toka uendelee. Mpaka leo mtu akikohoa barabarani mara mbili miguu yangu inataka kwenda jikoni. Kisha nakumbuka, naona uchungu, naendelea kuchambua maharage.

Mambo ya nyumbani tulipelekeana kupitia kuku. Msicheke. Mama mkwe akiwepo alimtumia yeye, lakini mama alikuwa mtu wa shamba na kanisa, hakai. Basi Diwani anasimama uani, mgongo kwangu, anawaambia kuku: "Mwambieni mwenye chai kwamba leo imekolea." Au: "Nyie kuku, mwenye ndizi ameziunga na maziwa, mwambieni ndaga." Ndaga ni asante yetu. Nami nikiwa ndani nawajibu kuku hao hao: "Mwambieni mgeni wenu karibu." Kuku wa nyumba ile walikuwa watumishi wa umma, na tulipomchinja mmoja Krismasi nilihisi kama tumemstaafisha tarishi.

Usidhani kwamba mzee huyo alikuwa wa kizamani kwa kila jambo. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mashangazi wa mume wangu walikaa kikao chao wakaamua niache kazi nilee. Nilikuwa mtumishi wa masjala ya halmashauri, nimeajiriwa kabla sijaolewa. Mume wangu, fundi seremala pale Bagamoyo, hii Bagamoyo yetu ya Tukuyu wala si ile ya pwani, alikuwa anaanza kulainika. Diwani akasimama uani akawaambia kuku kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: "Mwenye kalamu asiwekwe jikoni. Wa kupika tuko wengi." Yeye mwenyewe hakuwahi kukaanga hata yai. Mashangazi wakafunga vitenge vyao wakaondoka, nami nikapelekwa Mbeya kusomea uandishi wa vikao. Nikirudi likizo nilikuta kibanda cha kuku kimeezekwa upya na kwenye meza yangu pametengenezwa rafu ya vitabu. Mume wangu aliapa si yeye aliyeipiga randa.

Baadaye akagombea udiwani, akashinda, ndipo nasi tukakutana mahali pasipo na jiko la kukimbilia.

Siku ya kikao chake cha kwanza cha baraza nilikaa meza ya mbele kushoto kwa Mkurugenzi, daftari limefunguliwa. Mlangoni nikasikia kikohozi mara mbili. Ningeingia wapi? Niliinama chini ya meza nikajifanya natafuta kalamu, na kalamu iko mkononi. Aliketi nyuma kabisa, nyuma ya nguzo inayoshikilia paa, nguzo ikawa kati yetu. Kiti hicho kikawa chake. Wageni walidhani anasinzia kule. Wenyeji walijua, wakanyamaza kwa heshima.

Na nikwambie nilichokigundua nikiwa ukumbini: baraza lina adabu ya mkwe. Hakuna anayemwambia mwenzake jambo moja kwa moja. Ukitaka kumtukana diwani wa kata ya pili unasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kupitia kwako." Diwani alilipenda hilo. Aliwaambia kuku kwamba serikali imejifunza kwetu.

Alikuja kwa miguu akiwa na viatu vya mpira vilivyojaa tope, na vile vya ngozi kwenye mfuko wa plastiki. Alivibadilisha kwenye ngazi za ukumbi, akavipanga vya mpira ukutani vikielekea nje. Mwavuli alikuwa nao siku zote na haukufunguliwa kwa manyunyu. Manyunyu ya Tukuyu, alisema, ni salamu tu, hakuna haja ya kuyafungia mlango.

Mvua ndiyo iliyokuwa taabu ya hoja yake. Mtaa wetu wa juu hauna maji, lakini jaribu kumwambia mtu kwamba Tukuyu hakuna maji. Huku mvua inanyesha mpaka mgeni anauliza kama inazimwa. Migomba inameremeta, chai inameremeta, na mwanamke anateremka mteremko mzima kwenda chemchemi na ndoo, halafu anapanda nayo kwenye tope linaloteleza kama mlenda. Maji ya bati unayakinga, sawa, yana masizi na mavi ya ndege, utafulia nguo za shamba. Mtoto utampa?

Mama mkwe aliteleza kwenye njia ile akavunjika nyonga. Alilala miezi, akainuka na fimbo, na mpaka leo anatembea kama anayehesabu mawe. Tangu hapo kila kikao, ajenda ikifika mengineyo, sauti ilitoka nyuma ya nguzo: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mtaa wa juu tunaomba bomba. Hata moja. Hata lenye kutu."

Mwenyekiti alikuwa mtu mcheshi, mfanyabiashara wa mbao, na moyo wake ulikuwa mjini kati. Alitaka stendi mpya, soko lenye paa refu, barabara zenye vitofali, taa mpaka kwenye mzunguko wa barabara. Sikumlaumu. Stendi yetu ya zamani ilikuwa dimbwi lenye mabasi.

"Mheshimiwa," alijibu, "wewe ndiye unayekaa karibu na mawingu kutushinda wote. Maji gani tena?"

"Mvua haina koki, Mwenyekiti."

"Tumekusikia. Kikao kijacho."

"Bandu bandu huisha gogo."

"Gogo lenyewe bado bichi, Mheshimiwa."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nyuma ya nguzo. Cheko lake lilikuwa fupi, la puani. Siku moja mume wangu alimuuliza kwa nini hawaambii juu ya mama na nyonga yake, pengine wangeona huruma. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikasikia. Alisema: "Nikimtaja mke wangu, litakuwa bomba la nyumbani kwangu. Nataka liwe la mtaa." Mwiko wa majina, kumbe, na yeye alikuwa na wake.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Kwenye muhtasari wa kikao kila mchangiaji huandikwa kwa jina na kata yake. Nilipofika kwake kalamu ikagoma. Utaniambia kuandika si kutaja. Lakini mimi huandika midomo inasoma, ndivyo nilivyojifunza darasa la kwanza na sijaacha. Nikaona basi niandike kata peke yake. Kata yetu nayo jina lake limekaribiana mno na la kwake, na mwiko wa wazee unafika mpaka kwenye maneno yanayofanana. Nikaandika: Mjumbe mmoja aliomba bomba la maji mtaa wa juu. Nikaiona ina adabu na imekaa vizuri. Kikao kilichofuata wakauthibitisha muhtasari, na yeye akanyoosha mkono pamoja na wenzake. Alisoma, najua alisoma, alikuwa na tabia ya kufuata mistari kwa kidole. Hakusema. Basi nikaandika hivyo tena, na tena, mara kumi na moja. Mwanamke niliyesomeshwa Mbeya kwa kazi hiyo hiyo.

Likaja suala la mji kati. Halmashauri ilikuwa inaamua ianze na lipi: kuupa mji sura mpya, au kwanza kupeleka maji na umeme kwenye mitaa inayolilia. Wakakubaliana vyote viwili, mji kati pamoja na kata moja ya maji, ile iliyoomba kuliko zote. Mshauri kijana akapewa mihtasari yote ya nyuma achambue. Siku ya kusoma orodha nilikaa nimetulia kabisa. Nilijua mtaa wangu umeomba kuliko mtaa wowote duniani.

Mshauri akasoma kata moja moja. Alipofika kwetu akasema, "Hakuna."

"Soma tena," ilisema sauti ya nyuma ya nguzo.

"Hakuna ombi, Mheshimiwa. Yapo maombi ya bomba kumi na moja, ila yameandikwa mjumbe mmoja. Sikujua niyaweke wapi."

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, lakini aliona mwanya. Alikuwa na kata yake ya maji moyoni, na wengi waliokaa pale walikuwa na zao. Akasema kanuni ni kanuni, aliyeandika ndiye anayesahihisha. "Mwandishi, simama. Huyo mjumbe mmoja ni nani?"

Nilisimama. Kila mtu mle ndani alimjua mjumbe huyo, mpaka mpika chai. Ilikuwa neno moja tu. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilimfikiria mama na fimbo yake, nikawafikiria wanawake wa mtaa na ndoo, nikajiambia sema, mjinga wewe, sema.

"Ni yule anayekaa nyuma ya nguzo," nikasema.

Wakacheka. "Nguzo haina kata," alisema Mwenyekiti. "Jina tu, mama, tuandike tuendelee."

Nilibaki nimesimama. Ndipo nikasikia, kutoka nyuma, kikohozi mara mbili.

Nilijua maana yake kama ninavyojua jina langu. Ondoka, napita. Nikaweka kalamu, nikachukua mtandio wangu, nikatoka ukumbini katikati ya kikao, jambo ambalo sijapata kulifanya tena. Nikiwa mlangoni nilimsikia akisema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naondoa hoja. Mkamwana wangu hatasimamishwa kunitaja mbele za watu. Endeleeni na vitofali."

Maji yakaenda kata nyingine. Siku ile aliporudi nilijifungia jikoni nikingoja kuku waambiwe la kuniambia. Alisimama uani muda mrefu. Kisha akasema, "Mwambieni mwenye chai nina baridi." Basi. Nilimpelekea chai kupitia kwa mama. Laiti angenigombeza. Mtu akikugombeza mnamaliza. Asipokugombeza unabaki nalo kifuani, unalala nalo na kuamka nalo.

Hakugombea tena. Mji ukajengwa. Na hapa ndipo alipotushangaza wote, maana stendi ilipomalizika, yeye aliyeomba maji kwanza ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kuitazama. Akawa anakwenda kila Jumanne. Anavaa viatu vya ngozi tangu nyumbani, anakaa kwenye benchi la abiria bila safari yoyote, anawatazama watu wa Kyela na wa Mbeya wakipanda na kushuka. Wakamuuliza kama hana uchungu. Akasema kizuri ni kizuri hata kikipita mlango wa jirani. Jumanne zile nilikuwa naye mjini bila yeye kujua, au nilidhani hajui. Natoka ofisini, napita upande wa pili wa barabara na kapu langu, natazama kisogo kile na kofia yake, naenda zangu.

Macho yakaanza kumwishia taratibu. Aliacha kwenda stendi, halafu akaacha kwenda kanisani peke yake, halafu dunia yake ikawa kitanda na kigoda cha barazani. Kikohozi cha konani kikakoma, kwa sababu hakuwa anatoka popote. Ua ukawa kimya. Niliweza kupika mlango wazi siku nzima na sikufurahia hata kidogo.

Mwaka niliostaafu, mtendaji wa kata alipita akitangaza kwamba halmashauri imeleta mradi mwingine wa maji, na mitaa iliyoomba zamani ikaachwa ilete uthibitisho. Nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku langu la bati. Madaftari ya rasimu nilikuwa nayo yote, mwandishi wa vikao hatupi rasimu. Nikakaa nikanakili maombi kumi na moja, kikao kwa kikao, tayari kuweka sahihi kwamba mimi ndiye niliyeandika na mimi ndiye niliyekosea. Lakini kwenye jina, mara zote kumi na moja, niliacha nafasi. Nilifikiri mume wangu atanijazia.

Bomba lilikuja. Lipo pale juu, karibu na mgomba wa konani, na koki yake haina kutu. Mgeni rasmi alikata utepe, wanawake wakapiga vigelegele, mama mkwe akanawa uso mara tatu kwa makusudi. Diwani hakuwepo. Tulikuwa tumemzika miezi mitano kabla, nyuma ya nyumba kwenye migomba, siku ya manyunyu. Nilitamani awepo siku ya bomba kuliko nilivyotamani siku ya msiba. Bado namkumbuka, nikifungulia maji asubuhi ndoo ikaanza kuimba, natamani nisikie anawaambia kuku neno.

Lakini ninayokaa nayo zaidi ni siku nyingine, kabla ya hayo, wiki ile niliyokuwa nanakili maombi. Mama alikuja jikoni na fimbo yake akasema, "Anakuita."

"Nani?"

"Yupo mwingine?"

Nilinawa mikono mara mbili. Nilipofika mlangoni kwake sikujua mtu anaingiaje, kwa hiyo nilifanya ninalolijua. Nilikohoa mara mbili.

Alicheka lile cheko la puani. "Ingia," akasema. "Ni wewe?"

"Ndiyo, baba." Lilikuwa neno langu la kwanza kwake.

"Mimi sikuoni tena. Mwiko ni wa macho kwa macho, na yangu yamekwisha, kwa hiyo umebaki na upande mmoja. Kaa. Nasikia una karatasi. Nisomee."

Nikakaa kwenye kigoda macho chini. Nikasoma: "Kikao cha kwanza. Mheshimiwa," nikaruka, nikaendelea, "aliomba bomba la maji mtaa wa juu."

"Hapo umeruka."

"Nimeacha nafasi. Mume wangu atajaza."

"Yeye hakuwa mwandishi. Jaza wewe."

"Baba, siwezi. Nilishindwa watu wakakosa maji, sasa hivi nitawezaje?" Nikaanza kulia, ule uchungu wa miaka yote ukanitoka pale. Nikamwomba msamaha. Alingoja mpaka nikamaliza.

"Hata ingekuwa leo ningekohoa tena," akasema. "Ukumbini ilikuwa aibu, na mkwe hamwachii mkamwana aibu. Hapa hakuna ukumbi, na mimi nimekuruhusu. Jaza, na midomo yako isome kama kawaida yako, nisikie."

Niliacha kulia. "Baba, nani alikwambia kwamba midomo yangu inasoma?"

Mkono wake ukatafuta ukingo wa blanketi.

"Nguzo ile ilikuwa nyembamba, mwanangu."

Ndipo nikainua macho nikamtazama. Pua yake ilikuwa ndogo, imeinuka kidogo kwenye ncha, pua ya mwanangu wa mwisho ambayo siku zote nilijiuliza ameitoa wapi. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye nafasi ya kwanza, na midomo ikasoma kwa sauti jina ambalo nilipewa ruhusa ya kulitaja siku ile tu.

"Nipo," akaitikia, kama kwenye mahudhurio ya kikao.

Nikafungua ukurasa wa pili, nikalitaja tena.

"Nipo."